Myuu uliozidi ukubwa: ukate wapi, lini, na kwa awamu ngapi

Swali la msomaji: Mbele ya nyumba tuliyonunua kuna myuu wa mapambo (mti wa majani ya sindano, kwa Kiingereza yew) ambao zamani ulichongwa umbo la pia, pana chini na jembamba juu. Sasa una urefu wa mita 4 hivi na upana wa mita 3 chini, umeziba dirisha na kula nusu ya njia. Nikipenyeza mkono ndani ya majani nakuta vijiti vya kahawia tu. Jirani ananiambia miti ya aina hii ukiikata mpaka kwenye vijiti vitupu haichipui tena, kwa hiyo nipunguze nje kidogo kidogo au niung'oe. Ningependa ubaki, ila uwe wa mita 2 na kidogo. Inawezekana? Na nianze mwezi gani?

Jibu: Inawezekana. Jirani yako hajakosea sheria, amekosea mti. Misonobari, miberoshi na mingi ya jamaa zake ukiikata mpaka mahali pasipo na jani la kijani, tawi hilo limekwisha. Litabaki kisiki kikavu siku zote. Myuu (Taxus baccata, pamoja na Taxus cuspidata wa Japani na chotara wao, Taxus × media) hauko hivyo. Chini ya gome la matawi yake makuukuu, hata la shina lenyewe, kuna macho yaliyolala. Mwanga ukiyafikia na majani yaliyokuwa juu yake yakiondolewa, yanaamka. Katika bustani ya Levens Hall, Uingereza, iliyoanza kupangwa mwaka 1694, miyuu ya kuchongwa inapunguzwa hadi leo. Mti usiostahimili mkasi usingefika huko.

Kwa hiyo swali la kama utachipua lisikusumbue sana. Kinachoua myuu uliopogolewa sana kwa kawaida ni mambo matatu: kukatwa majira yasiyofaa, mizizi iliyokaa kwenye maji, na haraka ya mwenye nyumba.

Kwanza hakikisha ni myuu kweli

Usichukue msumeno kabla ya hili, maana ukikosea hapa maneno ya jirani yatatimia. Chuma kitawi kimoja. Majani ya myuu ni bapa, laini kiasi, marefu kama sentimita 1.5 hadi 3, kijani kilichokolea juu na kijani kilichopauka chini, bila mistari myeupe. Kwenye vitawi vya pembeni yamejipanga safu mbili, kushoto na kulia. Yafikiche: hutasikia harufu kali ya utomvu wa msonobari, kwa sababu myuu hauna mirija ya utomvu huo. Gome la shina ni kahawia inayoelekea wekundu na linabanduka vipande vyembamba. Mti jike hutoa tunda jekundu lenye umbo la kikombe, na mbegu moja ndani yake. Mti dume hautoi.

Ukikuta badala ya sindano bapa kuna magamba madogo yaliyolala juu ya kitawi, au sindano ngumu za kuchoma zinazonukia utomvu, simama hapo hapo. Huo si myuu, na ushauri huu haukuhusu.

Kwa nini ndani ni kahawia

Hicho ulichokikuta si ugonjwa. Mti ukipunguzwa kila mwaka kwa mkasi wa ua, juu juu tu, unazidi kutoa vitawi vingi kwenye uso wa nje. Baada ya miaka kadhaa uso huo unakuwa ganda zito la kijani, mara nyingi sentimita 10 hadi 20 tu, na nyuma yake giza. Majani ya myuu huishi miaka michache kisha huanguka, na pale ambapo hakuna mwanga hakuna mengine yanayoshika nafasi. Tena kila mpogoaji anaogopa kuvuka ganda, anaacha sentimita 1 au 2 za mwaka huo. Zidisha kwa miaka 30. Ndivyo mti wa upana wa mita 2 unavyofika mita 3 bila mtu kugundua, ingawa ulipogolewa kila mwaka.

Maana yake pia ni kwamba ushauri wa kupunguza nje kidogo kidogo hautakufikisha popote. Ukiingia sentimita 10 utabaki na mti wenye mabaka. Ukiingia 20 utaona vijiti vitupu na kuogopa, na bado utakuwa mbali na kipimo unachotaka. Mti huu lazima uvuke ganda lote kwa mara moja kila upande, kisha ujenge ganda jipya ndani zaidi.

Si vijiti vyote vya ndani vilivyo hai, lakini. Kwangua gome kwa ukucha au ncha ya kisu, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kitawi chembamba kilicho hai kitaonyesha kijani na unyevunyevu. Kwenye tawi nene tabaka la chini ya gome litakuwa bichi na lenye maji. Kikavu, cha kahawia, kinachokatika kwa sauti, kimekufa. Kiondoe chote wakati wowote wa mwaka, hakina kazi.

Afya kabla ya msumeno

Mti utachipua kwa akiba iliyomo kwenye mizizi na matawi. Ukiwa dhaifu, akiba hiyo haipo. Simama mbali kidogo uutazame: je, kijani chake kimekolea? Mwaka uliopita ulitoa machipukizi marefu kiasi gani? Unayatambua kwa rangi: machipukizi ya msimu huu na uliopita yana vijiti vya kijani, ya zamani zaidi yana vijiti vya kahawia. Sentimita 15 au zaidi ni dalili njema. Yakiwa sentimita 3 au 4, na majani yamegeuka manjano au rangi ya shaba, shida iko chini ya ardhi.

Chimba shimo la kina cha sentimita 40 karibu na ukingo wa matawi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili zilizopita. Maji yakiwa yametuama humo, umepata sababu. Myuu huvumilia kivuli, ukame wa wastani, udongo wa chokaa, hata uchafu wa hewa ya mjini. Usichoweza kuvumilia ni mizizi iliyolowa muda mrefu. Hapo ndipo kimelea kiitwacho Phytophthora huozesha mizizi, na majani huanza kukauka kipande kwa kipande, mara nyingi upande mmoja kwanza. Mti wa namna hiyo usipogolewe sana. Tengeneza kwanza njia ya maji: ondoa udongo uliorundikwa shinani, elekeza mfereji wa paa kwingine, chimba mtaro. Uupe mwaka mmoja au miwili uone kama unarudi.

Mti wenye afya nao unafaidika ukiandaliwa. Kama una subira ya msimu mmoja kabla ya kukata, nyunyizia mbolea ya mchanganyiko yenye uwiano sawa, mfano NPK 7-7-7, kiasi cha gramu 70 kwa mita moja ya mraba, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Isambaze chini ya matawi yote, si shinani tu, kisha funika kwa mboji iliyoiva au maganda ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 7. Matandazo yasiguse gome. Acha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka shina.

Mwezi gani

Upogoaji mkubwa ufanyike mwishoni mwa majira ya baridi au mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mti ukiwa unakaribia kuamka na baridi kali imepita. Kaskazini mwa dunia hiyo ni mwisho wa Machi na Aprili. Kusini ni mwisho wa Septemba na Oktoba. Machipukizi mapya yanapata msimu mzima wa joto kukomaa kabla ya baridi inayofuata.

Wengi huukata mti kama huu katika majira ya majani kupukutika, kwa kuwa ndipo bustani inaposafishwa. Ni kosa. Mti ama utachipua kwa kuchelewa, baridi iue vichipukizi vile laini, ama utakaa uchi miezi mitano huku upepo wa baridi ukikausha gome lililozoea kivuli. Kupunguza kwa kawaida, kule kwa mkasi wa ua, ndiko kunakofanywa mwishoni mwa majira ya joto, mara moja kwa mwaka. Usichanganye kazi hizi mbili.

Kabla ya kuanza, angalia mambo mawili. Myuu mzito hupendwa na ndege kwa viota, na majira ya kuchipua ndiyo yao ya kutaga. Fungua matawi utazame ndani, na ukikuta kiota chenye mayai au makinda subiri watoke. La pili, katika nchi nyingi miti mikubwa au ya maeneo ya kihistoria inalindwa, na kupunguza urefu wake kunataka kibali cha mamlaka ya eneo. Ulizia.

Hesabu ya mti wako

Unataka mita 2 na kidogo, tuseme 2.2, na upana wa mita 1.5 chini. Usikate kwenye kipimo hicho. Ganda jipya linahitaji mahali pa kukaa, kwa hiyo kata sentimita 15 hadi 20 ndani ya umbo unalotaka, kila upande pamoja na juu. Nusu ya upana wako ni sentimita 75 kutoka katikati ya shina. Matawi ya chini utayakata kwenye sentimita 55 hadi 60. Juu utakata kwenye mita 2. Anayekata kwenye kipimo halisi huwa na mti mzuri kwa mwaka mmoja tu, kisha anarudi kwenye shida ile ile ya ganda linalotembea nje.

Usitegemee macho. Chomeka vijiti vinne ardhini kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 55, simamisha ufito mrefu kando ya shina na uutie alama kwenye mita 2, kisha funga kamba kutoka alama hiyo hadi kila kijiti. Kamba hizo ndizo mpaka wa msumeno. Bila kamba mkono huanza kuwa na huruma unapofika juu, na umbo linatoka na mabega.

Sasa awamu. Mti wenye nguvu kabisa unaweza kukatwa pande zote kwa siku moja na ukapona, lakini sipendekezi kwa mti mmoja wa mapambo usio na mbadala. Gawa kazi kwa misimu miwili ya kukata na mmoja wa kutengeneza. Msimu wa kwanza ondoa kilele na nusu moja ya mti. Inasikika nyingi, ila umbo la pia linakusaidia: nusu ya juu ya pia hubeba kama robo tu ya majani yote, kwa sababu ndiyo nyembamba. Ukiongeza nusu ya kilichobaki, mti bado una zaidi kidogo ya theluthi ya majani yake, nayo yanatosha kulisha mizizi. Kama mti wako una shaka yoyote ya afya, kata kilele peke yake mwaka wa kwanza na uongeze msimu mmoja kwenye mpango.

Nusu ipi ianze? Anza na ile inayopata jua zaidi, hata kama dirisha lililozibwa liko upande wa pili. Upande wa jua ndio wenye nafasi kubwa ya kuchipua. Ukishindwa huo, utajua mapema kwamba mti hauna nguvu, na utakuwa bado na nusu nzima yenye majani.

Vifaa, na sumu

Mkasi wa kupogolea unatosha vitawi vya hadi sentimita 2. Mkasi wa mikono mirefu ufanye kazi mpaka sentimita 3 au 4, na zaidi ya hapo ni msumeno wa kupogolea, ule wenye meno yanayokata unapovuta. Mbao za myuu ni ngumu na nzito, na msumeno butu utakuchosha kwenye tawi la tatu. Safisha makali kwa spiriti kabla ya kuanza. Mashine ya kupunguza ua iache ndani. Haina kazi mwaka huu. Msumeno wa injini juu ya ngazi ni kazi ya fundi aliyefunzwa, usijaribu.

Sehemu zote za myuu zina sumu iitwayo taksini, isipokuwa ile nyama nyekundu ya tunda. Mbegu iliyo ndani yake ni sumu. Taksini hushambulia moyo, na majani yaliyokauka bado yanayo. Vaa glavu, miwani na mikono mirefu. Unapotumia msumeno vaa barakoa kwa ajili ya vumbi. Tandika turubai chini kabla ya kukata, ukusanye kila kitawi siku hiyo hiyo. Farasi, ng'ombe na mbuzi hufa kwa kula mabaki ya myuu yaliyotupwa ukingoni mwa uwanja, kwa hiyo usirushe chochote upande wa pili wa ua. Usichomee nyama kuni zake wala usitumie kijiti chake jikoni. Mtoto au mnyama akitafuna majani au mbegu, nenda hospitali au kwa daktari wa mifugo mara moja, usingoje dalili.

Siku ya kukata

Anza juu. Mtu akianza chini, matawi ya juu yanayoanguka yatakwama na kurarua yale aliyokwisha kuyatengeneza. Miyuu iliyochongwa mara nyingi ina mashina kadhaa yanayopanda pamoja, si moja. Punguza kila shina kwa vipande vya sentimita 50 au 60, ukishika kwa mkono mmoja au kukifunga kamba, hadi ufike kwenye alama. Usiangushe kilele cha mita 2 kwa mkupuo. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Mkato wa mwisho uinamishe kidogo ili maji yatiririke. Mashina ya katikati yaache yafike mita 2, ya pembeni yakatwe chini zaidi kwa kufuata kamba, maana umbo la pia linaanzia hapo.

Kisha shuka upande ulioamua. Hapa kuna maamuzi mawili tofauti kwa kila tawi, na watu huyachanganya. Tawi ambalo litajenga ganda jipya likate kwenye mpaka wa kamba na uliache likiwa kisiki; machipukizi yatatoka kwenye urefu wake wote, mengi karibu na ncha. Tawi usilolihitaji kabisa, lililokufa, linalosuguana na jingine au linaloelekea ukutani, liondolewe hadi shinani, si kisiki.

Lile la kuondolewa shinani, kama ni nene kuliko kifundo cha mkono, likatwe mara tatu. Mkato wa kwanza uwe kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, ukiingia robo hadi theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, sentimita 3 au 4 nje zaidi ya ule wa kwanza. Tawi litaanguka bila kuvuta gome la shina. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki. Tazama pale tawi linapoungana na shina: kuna uvimbe wenye makunyanzi, kama ukosi wa shati. Kata nje kidogo ya ukosi huo, usiukate wenyewe. Ndimo zinamotoka tishu zinazofunika kidonda. Ukichonga tawi likawa sawa na shina, kidonda kinakuwa kikubwa zaidi na hakifungi vizuri.

Usipake rangi, lami wala dawa ya vidonda. Inafungia unyevu na kuzuia mti kujiziba wenyewe.

Nusu isiyokatwa mwaka huu ipunguze kidogo tu, sentimita chache kwa mkasi wa mkono, au usiiguse kabisa. Utakuwa na mti wa ajabu: upande mmoja blanketi la kijani, upande wa pili mifupa. Wageni watauliza. Vumilia.

Baada ya kukata

Rudia mbolea na matandazo kama nilivyoeleza, kwa kuwa kazi ya mti ni kubwa sasa. Msimu wa joto, ikipita siku 10 bila mvua ya maana, mwagilia lita 20 hivi kwa kila mita ya mraba chini ya mti, mara moja kwa wiki, polepole ili izame. Chovya kidole kwanza; udongo ukiwa na unyevu kwenye sentimita 5, ahirisha. Nasisitiza kwa sababu mti uliopunguzwa majani unakunywa kidogo kuliko ulivyozoea, na huruma ya kumwagilia kila jioni imeua miyuu iliyokwisha kunusurika na msumeno.

Kwa wiki 6 hadi 12 hutaona kitu. Halafu, ukisogeza uso karibu na gome, hasa chini ya visiki na kwenye mikunjo ya matawi, utaona vinundu vidogo vya kijani vikipasua gome, vimekusanyika vitatu au vinne pamoja. Hayo ndiyo macho yaliyolala. Mwaka wa kwanza mengine yatafika sentimita 5, mengine 15. Mwaka wa pili, mizizi yote ikielekeza nguvu kwenye vichipukizi vichache, utaona sentimita 20 hadi 30.

Majani yaliyokuwa kivulini, yakajikuta juani ghafla, huenda yakaungua na kuwa ya kahawia. Hilo halihitaji dawa. Yatapukutika na yanayotoka baadaye yatakuwa yamezoea jua.

Vichipukizi vya mwanzo usivikate vikiwa chini ya sentimita 10. Vikivuka hapo, vinavyozidi kwenda mbele vikatwe ncha, sentimita 2 au 3 tu, ili vitawanyike kuwa vitawi. Pale ambapo kumi vimebanana kwenye kisiki kimoja, toa nusu kwa kidole vikiwa bado laini. Juu chagua kichipukizi kimoja kilichonyooka kiwe kilele cha pia, kifunge kwenye ufito kwa utepe laini, na vinavyoshindana nacho vifupishwe. Waya usitumie, unene wa tawi utaumeza.

Msimu wa pili na wa tatu

Majira ya kuchipua yanayofuata, kagua upande uliokata. Kukiwa na vichipukizi vya sentimita 10 hadi 15 vilivyotapakaa kuanzia chini mpaka juu, kata nusu ya pili kwa utaratibu ule ule. Vikiwa vichache au viko juu tu, ahirisha mwaka mzima. Mti hautapoteza chochote kwa kusubiri, ila utapoteza mengi ukiulazimisha.

Upande wa ukuta au wa kivuli utachelewa zaidi, na pengine utabaki na mianya. Mwangaza ndio unaoamua. Kama kuna mti mwingine au kichaka kinachouwekea kivuli, kipunguze nacho. Kwa mianya ya chini, tawi hai la jirani linaweza kupindwa taratibu na kufungwa lijaze nafasi, kwani vitawi vichanga vya myuu vinapindika vizuri.

Msimu wa tatu ni wa mkasi. Mwishoni mwa majira ya joto, kaskazini Agosti hadi mwanzo wa Septemba, punguza machipukizi yote kwa kufuata kamba za umbo la mwisho, sio zile za msumeno. Chini pawe papana kuliko juu kila wakati. Upande ukisimama wima kabisa, au juu pakatanuka, majani ya chini yatanyimwa mwanga na yatakonda tena. Kuanzia hapo mara moja kwa mwaka inatosha. Kila mara rudi kwenye mkato wa mwaka jana, pale pale, usiache ile sentimita ya ziada.

Mengine ya kuangalia

Mti jike hautazaa matunda mengi kwa mwaka au miwili, kwa sababu huyatoa kwenye vitawi vya msimu uliopita, na umeviondoa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo hiyo si hasara.

Majani yakianza kuwa na utando mweusi kama masizi, geuza kitawi uangalie vijiti: mara nyingi kuna wadudu wa magamba, vinundu vya kahawia vilivyong'ang'ania. Wapanguse kwa brashi na maji ya sabuni. Mti wenye afya huwamudu.

Kama myuu wako ungekuwa ule wa umbo la nguzo, Taxus baccata 'Fastigiata', ningekuambia tofauti kidogo. Matawi yake yote yanapanda wima, na shida yake ya uzeeni ni kulegea na kufunguka, hasa theluji ikiuelemea. Huo haukatwi nusu kwa nusu; matawi yaliyoanguka hufupishwa moja moja hadi mahali palipofichwa na mengine, na urefu hupunguzwa kwa theluthi hivi, kisha yanayochipuka husimama yenyewe. Kufunga nguzo nzima kwa waya ndiyo njia inayopendwa na ndiyo mbaya: waya hukata gome, na mti hauwezi tena kujishikilia.

Misimu miwili kamili ikipita baada ya mkato wa kwanza bila jicho hata moja kutokea, kwangua gome la visiki na la shina. Vikiwa vikavu, upande huo umekufa. Mizizi ikiwa ya kahawia iliyokolea na gome lake linavuliwa kwa vidole, ni uozo, na hapo mti ung'olewe pamoja na mizizi. Usipande myuu mwingine kwenye shimo hilo, kwa kuwa kimelea hubaki kwenye udongo miaka mingi. Ukitaka mwingine, uuweke mahali pengine penye maji yanayopita, au kwenye tuta lililoinuliwa sentimita 30.